Herufi Nane Zisizo na Nyumba

Satenik wa chekechea alinibishia Oktoba
ameshika kopo la rangi ya buluu,
masalia ya ile tuliyopakia uzio wa makaburi.
"Fundi Mkrtich, nipe mlango wako."
Nikadhani anauazima. Nikatafuta bisibisi.

Kumbe alitaka ubao tu, mahali pa herufi moja.
Chekechea ina watoto tisa na kitabu kimoja,
nacho kimevimba kwa unyevu wa Armenia ya milimani,
kurasa zimegandana
kama ndimi za viatu vilivyolala mvuani.

Masharti yake yalikuwa mafupi:
mtoto akigusa herufi, kazi isimame,
mwenye mlango atoke, aitamke,
aitaje na neno lake.

Mimi nikapewa Ken, inayoanzisha kiatu.
Zaruhi mwokaji akapewa Ho, ya mkate.
Kinyozi akapewa Vev, akaipaka, akaifuta, akaipaka tena,
mtu aliyezoea kunyoosha kisogo cha kila mmoja wetu.
Kituo cha basi kikapata Ayb, herufi ya kwanza,
ingawa basi lenyewe huwa la mwisho kufika.

Bi Haykanush akakataa katakata:
"Mlango wangu si daftari la mtu!"
Siku ya nne, alfajiri, tukaikuta Cha kwake,
bado mbichi, na vidole vyake vina buluu.
Mtoto akiigusa hufungua kwa kishindo:
"Cha! *Che!*" Yaani hapana.
Watoto hupita kwake mara mbili mbili.

Lakini tulikuwa tumekosea hesabu.
Lugha yetu ina herufi thelathini na tisa.
Kijiji kina milango thelathini na mmoja inayofunguka.
Iliyobaki ina makufuli; funguo zake ziko Urusi
mifukoni mwa watu wanaopiga simu Mwaka Mpya.

Tukaketi usiku kucha juu ya hizo nane.
Hrachik mchungaji akaitwaa Dza, ya theluji,
akaichora kwenye sepetu, ikawa herufi inayotembea.
Wavulana wakaiteka Fe, ya mwisho, ya futiboli,
wakaipandisha kwenye mwamba wa goli.
Tso ikaenda ghalani, ilipo ngano.
Nyingine zikajibana: kisima, trekta bovu,
mzinga wa nyuki usio na nyuki.
Ikabaki Tyun.
Tyun ndiyo inayoanzisha nyumba.
Satenik hakutuuliza. Akavuka barabara,
akaipaka kwenye mlango wa akina Grigor,
ambao haujafunguka miaka kumi na mmoja.

Asubuhi Nvard, miaka minne, akaigusa.
Akasubiri.
Akaigusa tena, kwa kiganja kizima.
Nilikuwa na misumari mdomoni. Niliitema yote.
"Tyun!" nikaita kutoka ng'ambo. "Nyumba!"
Kinyozi naye akaita, wembe mkononi,
na Zaruhi, na hata yule bibi wa hapana,
mtaa mzima ukajibia mlango usio na mtu.
Nvard akainamia tundu la kufuli,
akachungulia kuona ni nani kati yetu yumo ndani.

Sasa husoma kwa miguu.
Jana alianza kwa Zaruhi, akaipiga Ho kofi,
akakimbia hadi kituoni, Ayb,
akakata shimoni penye barafu kwenda ghalani, Tso,
akafika akihema, shali inaburuta,
akatangaza, "*Hats!* Mkate!"
kana kwamba ni yeye aliyeuoka.

Soli yake ya kushoto imetoboka.
Ya tatu hii tangu Oktoba.
Huwa nawalipisha wote hapa, hata kasisi.
Huyu nimemwambia mama yake deni liko kwenye daftari,
na daftari, sijui nimeliweka wapi.

Kitabu cha pili tumeahidiwa.
Hakijafika. Satenik anachungulia kopo:
rangi iliyobaki inatosha nukta,
labda na mkato mmoja.