Masharubu

Wiki tatu nilimwandika hayupo.
“Sikudhani Makwega!” niliita, nimeinamia daftari.
Kimya. Nikachora sifuri.
Naye yupo, dawati la pili, dirishani,
kalamu ameilaza sambamba na rula,
ananitazama kama mtu anayengoja pantoni.

Aliyeniambia ni Mwinyimvua, jirani yake,
akinyonya barafu ya ubuyu getini:
“Mwalimu, huyo hasikii. Anasoma midomo.
Na wewe, samahani, midomo huna.”

Midomo huna! Nilicheka hadi Zakhiem.
Nyumbani nikasimama mbele ya kioo,
nikasema “kipeuo cha pili”,
na kilichotikisika ni nywele tu,
masharubu yangu ya tangu JKT,
ninayoyachana kabla ya chai.

Nikayanyoa. Mke wangu akauliza nani kafa.
Sikumjibu, nilikuwa katika mazoezi:
pata, bata, mada.
Jaribu mwenyewe bila sauti, hayatofautiani.
Siku nzima mtoto anachagua
kati ya kupata na bata.

Basi nikaacha kuongea na ubao.
Nikaacha kusimama dirishani, jua mgongoni,
uso umekuwa kivuli chenye shati.
Naandika kwanza, nageuka, ndipo nasema.
Ni jambo dogo. Linachosha kuliko nilivyodhani.
Na bado nasahau: juzi nusu ya kipindi
nimewafundisha chaki na feni.
Yeye hugonga dawati mara mbili.
Wenzake hunionyesha kidole. Nageuka.

Sidanganyi, hajawa wa kwanza.
Arobaini na moja, muhula huu,
na tatu kati ya hizo alizidai kwa ugomvi.

Ila ile Machi, mvua ilipoishukia Mbagala
na mabati yakaipokea yote,
nilipaza sauti mpaka mishipa ikasimama shingoni.
Watoto sabini na wawili, mikono masikioni: nini?
Sikudhani peke yake hakushtuka.
Akamgeukia Mwinyimvua, vidole vikaanza,
Mwinyimvua akampa Tegemea, Tegemea akampa Rukonge,
swali likapita safu kwa safu
(walijifunza lini, wapi, mbona sikuona?)
wakacheka, wakabishana, wakafuta, wakaandika,
kelele tupu, bila sauti hata moja.

Nikabaki na chaki yangu.

Nikasogea mpaka dawati la pili,
nikagonga mara mbili.