Taarifa ya Safari ya Kidato cha Pili

Kwa Mkuu wa Shule:

Hatukufika.
Naanza na hilo kwa kuwa najua
unasoma mstari wa kwanza na wa mwisho,
katikati unapiga mhuri.

Fuso tulilokodi lilikuwa limetoka kushusha tumbaku.
Turubai lilinuka ghala zima la chama cha msingi,
na wanafunzi thelathini na wanane wakapiga chafya
tangu Urambo mpaka tulipoipita Izimbili,
kwa zamu, kama kwaya iliyokimbiwa na mwalimu wake.

Dereva, Bwana Kapalata, alisema barabara anaijua.
Kweli aliijua. Kila shimo alilisalimu,
mwangaluka, mwangaluka,
mpaka shimo moja likaitikia.

Springi. Jani la tatu.
Lilikatika kwa mlio mdogo, wa kiungwana,
kama mtu anayevunja muwa ugenini.
Kapalata akalifungua, akalifunga kwenye baiskeli
ya mrina asali aliyekuwa anajipitia,
akaniambia, "Mwalimu, masaa mawili tu,"
akatokomea na baiskeli, na jani, na masaa yenyewe.

Mrina akabaki nasi.
Ni kijana, anaitwa Ndalahwa,
ana mizinga sitini porini na sasa hana usafiri.

Naomba nieleze kuhusu masweta.
Bodi ilipochagua rangi ya buluu
haikuwauliza ndorobo.
Ndorobo wanaipenda buluu kuliko bodi.
Walitoka katika miyombo yote,
wakatukagua migongo, mmoja mmoja,
kwa umakini ambao sijauona kwa mkaguzi yeyote wa elimu.
Saa saba mchana niliamuru masweta yavuliwe.
Ndiyo maana ya ile picha uliyoletewa.

Mvua ilianza magharibi.
Mikate ilikuwapo ishirini. Asali tulinunua kwa Ndalahwa,
elfu kumi na tano, risiti hakuna:
mrina haandiki, anakuachia nta kidoleni.
Tukala gizani, chini ya turubai,
na Mihayo, uliyemsimamisha mara mbili kwa utoro,
akatuambia kila tawi lililogonga bodi ni la mti gani,
kwa kusikia tu: mninga, mtundu, muba.
Kumbe akitoroka huwa anakwenda kusoma.
Naomba suala lake liangaliwe upya.

Kama saa tisa usiku Fuso liliyumba.
Taratibu,
kama kitanda mtu anapokaa ukingoni.

Hakuna aliyesema neno.
Thelathini na wanane, mheshimiwa, kimya,
jambo ambalo mimi na chaki
kwa miaka kumi na moja hatujaliweza.
Tulisikia pumzi, si yetu.
Tulisikia tumbo likinguruma ndani kwa ndani
kama mabehewa ya Mpanda yakiiacha Kaliua.
Halafu mvua tu.

Asubuhi palikuwa na alama topeni,
duara, pana kama sinia,
limejaa maji, na ndani ya maji kipande cha wingu.
Nyanzala alivua viatu akatumbukiza miguu yote miwili.
Ikaenea, na nafasi ikabaki.
Kasoga akasema si lolote,
ni pale dereva alipotua ndoo.
Wakabishana mpaka saa nne,
Kapalata aliporudi na jani lililochomelewa
na harufu ambayo siiandiki hapa.

Mimi sikuamua.
Nilichukua rula nikapima: sentimita arobaini na sita.
Ndoo sikuipima.

Ada ya lango nairudisha katika bahasha yake.
Chenji ni shilingi elfu tatu na mia nne.
Sweta moja halijulikani lilipo.

Fomu inauliza idadi ya wanyama walioonekana.
Nimeandika sifuri.
Imetoka pana kidogo, nisamehe,
kalamu ilikuwa na tope.