Safu ya Kushoto

Husemwa kutangulia si kufika.
Hapa Rijswijk, ghorofa ya kumi na moja,
kutangulia ndiko kufika, hata kwa siku moja,
hata kwa karatasi iliyolala miaka sitini
katika lugha ambayo mwombaji hakuwahi kuisikia.

Mimi si mpekuzi. Mimi huja nyuma yao,
nahesabu walichokitaja:
ripoti elfu nne za mwaka jana,
vifaa vya maziwa na jibini,
na katika safu ya kushoto, herufi moja moja.

X: hati hii peke yake yatosha kuuangusha upya wako.
Y: hii haitoshi, lakini ikishikana mikono na mwenzake
utaanguka vilevile.
A: haikudhuru. Imetajwa tu ijulikane
umesimama kwenye uwanja gani.

Wakubwa wanazitaka X.
Ngapi, za nchi gani, za umri gani.
Bwana Verhaeghe jedwali la A halifungui.
"Hiyo ni mandhari," asema,
akimenya chungwa lake juu ya rasimu yangu.

Jumanne, mvua ikikipiga kioo ubavuni,
nikazipanga hati kwa idadi ya kutajwa,
na juu kabisa ikakaa moja nisiyoitarajia:
kifuniko cha debe la maziwa,
Pori, Ufini, 1958,
mvumbuzi Aune Kivelä.
Mara mia moja na tisa. A. A. A.
Hajamwangusha mtu hata mmoja.
Wakorea wamemtaja, na Wabrazili,
na wale wa Utrecht wauzao mashine kwa bei ya nyumba;
kila mmoja kapita mlangoni pake, kapiga hodi,
kaendelea na safari.

Nikaufungua mchoro. Wino, kazi ya mkono.
Kielelezo cha pili: bawaba, ulimi mdogo wa mpira,
na namba 7 iliyoandikwa kinyume
kisha ikasahihishwa.
Ada ya mwaka wa nne haikulipwa.
Hataza ikafa, hati ikabaki.

Nilimwandikia Verhaeghe mistari miwili kumhusu.
Nikafuta mmoja, kisha na wa pili.
Jedwali la A nimeliacha mwishoni,
ukurasa wa thelathini na nane, kwa maandishi madogo.

Usiku, jikoni, chai ikipoa,
nikakigeuza kifuniko cha chupa ya maziwa
nikakitazama upande wa ndani,
kama anayetafuta namba.