Rex Dalton, Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Baba alikata kauli mwezi wa kumi,
siku ya tatu akakata roho,
akaniachia hadithi moja,
ile aliyoirudia kila theluji ya kwanza
hata tukawa tunaimalizia kabla yake:

yuko njiani na lori la magogo,
alfajiri nyeusi, vioo vimeganda,
redio ikakohoa, ikasema:
Waino Saarela, kama unanisikia,
mkeo kajifungua salama. Msichana.
Usikimbie. Darajani pana barafu.

Msichana ni mimi.
Aliyesema ni Rex Dalton.

Pale Pinard Falls nani hakumjua?
Saa kumi na mbili kasorobo aliuamsha mji mzima:
shule zilizofungwa, zamu za kiwanda cha karatasi,
nani kafa, nani anauza kitanda cha mtoto,
mbwa wa nani kapotea na anaitika jina gani.
Alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kabla ya kumtaja marehemu,
kama mtu anayevua kofia.

Nikaanza kumtafuta. Nilitaka kusema asante, basi;
deni la baba sikulizika naye.
Kitabu cha simu: akina Dalton watatu,
wawili wa bima, mmoja fundi bomba.
Kwenye jengo la kituo sasa wanauza matairi.
Kijana wa pale alinionyesha ukuta wenye vitundu elfu,
vya kumeza mwangwi;
yeye alidhani ni mchwa.

Armas kinyozi alicheka mpaka akazima mashine.
"Rex Dalton? Jina hilo lilikuwa mali ya kituo,
kama meza, kama kabati.
Aliyekalia kiti ndiye aliyelivaa."

Walikuwa wawili.
Eino Rautio, na Lucien Gauvreau, Mfaransa wa Hearst
aliyelipwa kuificha lafudhi yake.
Baridi ile ya sabini na moja walipokezana wiki kwa wiki,
kila mmoja akimwiga mwenzake
hata wake zao wakawa wanasikiliza kwa mashaka.

Sylvi, mjane wa Eino, alinimiminia kahawa.
"Si Eino huyo. Eino amwambie mtu asikimbie?
Mwenyewe aliendesha kama mwizi.
Mtafute Mfaransa."

Mfaransa nilimpata Sudbury, juu ya duka la mikate,
miaka themanini na sita, soksi zisizofanana.
Niliitega sikio ile sauti.
Ikatoka nyingine, nyembamba,
Kifaransa chake kimemrudia
kama mtoto aliyetoroka na sasa ana njaa.
"Si mimi," akasema. "Ni Eino.
Mimi wakati ule hata daraja lenyewe sikulijua."

Tukanyamaza. Chini walikuwa wanaipua mikate.
Kisha, bila kuulizwa, akanitajia hali ya hewa,
nyuzi, upepo, theluji itakayoanguka kabla ya saa sita,
na dirisha alikuwa amelipa kisogo.

Nilipoaga alinipa daftari la studio, jalada limeliwa na panya.
Wote wawili waliliandika, akasema,
na miandiko nayo waliigana.

Nilikwenda nalo hadi garini ndipo nikafungua tarehe yangu.
Kalamu ya risasi, herufi za kulala:
Hasi thelathini na moja. Upepo kaskazini-magharibi.
Shule zote zimefungwa.
Mbwa wa Bi. Halloran, mweusi, sikio moja jeupe, anaitika Kapteni.

Hayo tu. Mimi simo. Baba hayumo.

Pengine ilisemwa bila kuandikwa.
Pengine baba, usingizi umemlemea kwenye usukani,
alijionya mwenyewe
kwa sauti pekee aliyokuwa akiitii.

Injini ilikuwa imepoa, vidole vinaniuma.
Nikafungua Jumatano. Kapteni bado.
Alhamisi. Bado.
Ijumaa imemwagikiwa kahawa, haisomeki.
Nikawasha taa ya ndani,
nikaendelea kugeuza kurasa.