Majaribio ya Laini Nne

Chama cha msingi kimenunua mizani mpya,
inayotuma kilo za kahawa Moshi mjini yenyewe
bila kusubiri karani alambe kidole.
Ila inataka laini. Moja tu.
Mwenyekiti akanitazama: "Wewe Ndetaulwa
huna ng'ombe wa kukamua. Zunguka nazo,
Alhamisi utuletee jibu."
Nikapewa laini nne kwenye bahasha ya kaki,
simu ya kuazima yenye kioo cha nyufa,
na daftari la mistari.

Huku Kibosho mtandao haumfuati mtu.
Mtu ndiye anayeufuata.
Laini ya kwanza ilishika bandani kwa mbuzi,
ukisogea hatua moja kuelekea kwenye majani, imekufa.
Ya pili ilitaka usimame juu ya mfereji,
mguu huku, mguu kule.
Kwa kasi, nilipakua picha ya mizani yenyewe:
ya kwanza nilimenya ndizi, nikala, nikamenya nyingine,
kiduara bado kinazunguka.
Ya nne sikuwahi hata kushika ganda.

Lakini sauti haipimwi na mtu mmoja.
Mke wangu yuko sokoni Mbuyuni, simu kaizima,
anaogopa wezi.
Namba niliyo nayo kichwani ni moja tu,
ya Kilenga, ndugu yangu, fundi cherehani Ngaramtoni,
na miaka mitatu sijaipiga,
tangu tulipogombania mstari wa masale:
hatua nne za kihamba, migomba sita,
na maneno ambayo hakuna aliyeyaandika
lakini hayafutiki.

Namba ngeni, nikajisemea. Hatanijua.

Laini ya kwanza: "Hal— nani— sem—"
Sauti imekatwakatwa kama mchicha.
Nikaandika: mbovu.

Laini ya pili ina mwangwi. Nikisema "jaribio"
narudishiwa "jaribio" kwa sauti yangu mwenyewe,
kavu, ya mtu wa kubisha.
Kumbe ndivyo ninavyosikika.
Nikaandika: wastani.

Laini ya tatu ilikuwa safi mno.
Nilisikia cherehani ikisimama.
Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani.
Nilisikia pumzi, ile inayopita kwa shida puani,
pua iliyovunjwa na jiwe tulipogombea pera,
na jiwe lilikuwa langu.
Sikusema kitu. Sekunde arobaini na moja.
Laini ya namna hiyo haikupi pa kujificha.
Daftarini sikuandika chochote.

Laini ya nne, kabla sijasema haloo:
"Ndetau. Namba nne asubuhi moja.
Nani kafa?"
"Hajafa mtu. Napima mtandao."
"Mtandao wa nani?"
"Wa chama."
Kimya. Kisha cheko, lile la puani,
likakatika katikati, likarudi.
"Na unanisikiaje?"
"Unakatika kidogo."
"Hata wewe," akasema. "Miaka mitatu sasa."
Hapo salio likaisha.

Nikairudisha ile ya tatu. Nikashuka hadi mpakani,
nikachuma jani moja la sale,
nikalifunga fundo kama baba alivyokuwa akilifunga
akienda kuomba radhi,
nikalilaza juu ya daftari, nikalipiga picha, nikatuma.
Kasi haina, ile ya tatu.
Picha ilipanda kama mtu aliyejitwika mkungu,
anapumzika kila kona.
Nikasimama nimeinua simu juu
hadi mkono ukafa ganzi.

Alhamisi wakaniuliza.
Nikasema, kwa kahawa chukueni ya nne,
ina mbio, na kilo hazina haja
ya kusikika zikipumua.
Ile ya tatu naomba nibaki nayo.
Karani akalamba kidole, akafungua ukurasa,
akauliza gharama za majaribio.
Vocha ya elfu mbili, nikasema.
Sidai.