Valvu ya Kurudishia

Mwezi wa pili, kaskazini ya Oulu, Ghuba ya Bothnia
si bahari tena. Ni uwanja mweupe,
nasi tunaupita kwenye ufa uliochanwa
na meli ya kuvunja barafu iliyo mbele yetu,
taa yake ya shetri ikituamrisha: fuateni, msisimame.

Hayo niliyajua kwa kuambiwa. Siku hizo
nilikuwa mtu wa chini, mwanafunzi wa injini,
zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi,
masikio yamezibwa, nikisoma geji
kama mtoto asomaye herufi kwa kidole.

Fundi mkuu, Tuulikki Rautio, hakupenda maneno.
Siku ya kwanza alinishika kiganja
akakibandika kwenye bomba moja, kisha la pili.
"Hili?" Moto. "Na hili?" Baridi.
"Basi umeshajua nusu ya kazi."

Nusu nyingine ilinichukua majira mazima:
kwamba melini mna maji ya namna mbili.
Ya ndani huzunguka mwilini mwa injini, yakibeba homa yake;
ya nje hufyonzwa kutoka baharini
(huko hayana hata chumvi ya kukoleza mchuzi),
na yote hupita kwenye kipozeo, bati jembamba katikati,
kama wapangaji wa nyumba moja:
hawaonani, ila joto la huyu humfikia yule.
Hayachanganyiki. Yakichanganyika,
andaa barua ya maelezo.

Usiku huo sindano ya pampu ya maji ya nje ilitetemeka,
kisha ikashuka. Pampu ikabadili sauti,
ikawa inatafuna, kama mtu aliyekuta changarawe kwenye wali.
Tope la barafu lilikuwa limejaa sanduku la bahari,
lile tundu la tumboni meli inamonywea.
Kichujio cha kwanza kikaziba. Nikahamia cha pili.
Kikaziba.

Joto la injini: themanini na mbili.
Themanini na sita.
Nikashika simu, tuwaombe wa juu wasimamishe.
Tuulikki alikuwa ameshafika, koti juu ya nguo za kulalia.
"Tukisimama hapa, barafu itafunga nyuma na mbele.
Asubuhi tutakuwa kisiwa."
Themanini na tisa.

Kisha akauliza, kama mwalimu mwenye siku nzima:
"Injini inawaka. Joto lake linakwenda wapi?"
Kwenye maji ya ndani.
"Kisha?"
Kwenye kipozeo. Kwenye maji ya nje.
"Kisha?"
Baharini, tunalimwaga tu...

Nikanyamaza.
Ubavu mmoja tunamwaga moto,
ubavu wa pili tunakufa kwa barafu.

Valvu ya kurudishia ilikuwa nyuma ya ngazi,
gurudumu dogo jekundu, rangi juu ya rangi,
kazi ya watu waliopenda kulipamba kuliko kuligusa.
Nililing'ang'ania. Halikuzunguka.
Nikaleta spana, nikaivisha bomba kurefusha mkono wake
(nguvu za wenzo, somo la shule ya msingi,
ndilo pekee lililonijia),
gurudumu likalia, rangi ikapasuka kama ganda la yai,
robo mzunguko, nusu,
na maji yaliyokuwa njiani kupotea yakageuka,
yakaingia sandukuni na homa yake,
yakaanza kuila barafu.

Tisini na moja.
Tisini na moja.
Mbele ya geji, dakika ni kitu kirefu.
Tisini.

Pampu ikakohoa, ikameza, ikameza tena,
sauti yake ikanenepa.
Sikutarajia sifa, wala sikupata.
Fundi alikifunga kidogo kile nilichokifungua:
"Yakiwa moto mno, hayatapoza kitu."
Akaandika daftarini kwa penseli, akanisogezea:

*Saa kumi kasorobo. Barafu, sanduku la kushoto.
Valvu ya kurudishia imefunguliwa.
Gurudumu lipakwe grisi, si rangi.*

Chini yake nikatia jina, Osmo,
kwa mkono uliojaa maganda mekundu.