Daraja la Tatu

Kidato cha nne nilipata daraja la tatu.
Baba akakunja karatasi, akasema: basi, utavukia hilo.
Sikujua nitalipata tena huku Hull,
saa kumi kasoro robo alfajiri,
miguu imeninginizwa kwenye mikanda,
Daktari Ranasinghe kainama, taa kichwani,
akitamka polepole kama msoma matokeo:
umechanika, daraja la tatu.

Mtoto kilo nne na robo. Katolewa kwa koleo,
alama mbili nyekundu mashavuni, anapiga miayo
utadhani yeye ndiye aliyekesha.

Sindano ya mgongo, na nusu yangu ya chini
ikawa ya jirani.
Niliusikia uzi ukivutwa, sikuusikia ukiuma.
Kwanza msuli wa ndani, mwembamba kama utepe,
kisha wa nje, ncha juu ya ncha,
fundi analaza pindo juu ya pindo.
Muuguzi akahesabu sindano, pamba, mikasi.
Akahesabu tena.

Mavyaa akapiga simu: unakandwa?
Maji ya moto? Uji una pilipili manga?
Nikajibu ndiyo, ndiyo.
Sikumwambia nanywa dawa tamu kama shira
choo kisije kikakata mishono.
Wala kwamba arobaini ilipoisha nikatandika mswala,
na kwenye rakaa ya pili upepo ukanitoka
bila hodi.
Nikatawadha. Nikarudi. Ukatoka.
Mara ya nne niliketi ukingoni mwa beseni
miguu inachuruzika, nikalia kwa sauti ya chini
Shaweji asiamke.

Vyoo vya mji huu navijua kama majina ya shangazi zangu:
cha maktaba, cha sokoni, cha kituo cha treni.
Barabara ya Anlaby naipima kwa choo hadi choo.
Harusi ya Mwanakombo, Leeds, nilisema nina mafua.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga.
Hawakusema akishazaa aufiche wapi.

Wiki ya kumi na mbili, kliniki ya msamba.
Bronwen wa mazoezi kaweka simu mezani,
ndani yake mkalimani, sauti ya Kimombasa.
Bronwen anauliza, mkalimani anafasiri,
mpaka pale. Pale akakohoa.
Akasema "kule". Akasema "sehemu ya… nyuma huko".
Nikamwambia: dada, sema mkundu.
Neno ni letu, na msuli ni wangu.
Kimya. Halafu kicheko kikapasuka simuni,
nami nikacheka, Bronwen akacheka asijue la kuchekea,
nikaacha kucheka ghafla, nikasubiri.
Hakikutoka kitu.

Picha yaonyesha pengo dogo, kama pa saa mbili.
Huenda likabaki. Mtoto wa pili,
akija, tutazungumza habari ya kisu.
Kwa sasa: kaza, hesabu kumi, legeza.
Kaza kwa haraka, mara kumi. Mara tatu kwa siku.
Na yule mkalimani, kabla ya kukata, akaongeza lake,
si la Bronwen: mwenye udhuru hutawadha mara moja
kwa kila sala, mama. Swali tu.

Leo nimemsukuma Nunu kwenye kigari hadi Hessle,
chini ya daraja lile refu la nyaya.
Mto rangi ya chai ya maziwa.
Choo cha karibu kimefungwa, kina kufuli.
Nimesimama.
Nane. Tisa.